Nilivyoanza Baiskeli Ukubwani Hapa Mtwara

Hesabu ya bajaji ndiyo iliyonipandisha baiskeli. Sikuwa na hamu ya mazoezi, na mambo ya mazingira nilikuja kuyasikia baadaye. Mimi ni fundi cherehani, nakaa Magomeni, kibanda changu kiko karibu na Soko Kuu. Mwanaume mwenye kibanda kama changu anaamka, anaenda kazini, anarudi. Mimi asubuhi nampeleka mdogo shule, napitia uzi na vifungo sokoni, mchana nakwenda Chuno kumpima mteja gauni, jioni Ligula kuna mgonjwa wa kuangaliwa, bado mboga, ndipo nyumbani. Kila ukishuka na kupanda ni shilingi 500, giza likiingia ni 1,000, na wiki ikiisha nakuta nauli imemeza ushonaji wa magauni mawili. Kutembea nako najua, nimetembea miaka, ila ukifika kwa mteja na kitambaa cheupe mkononi huku jasho linachuruzika, hata bei unaona aibu kuitaja.

Mji wenyewe ulikuwa unanikaribisha tangu zamani. Waingereza walipoleta mpango wao wa kulima karanga mwaka 1947, Mtwara ilipangwa iwe mji mkubwa wa bandari. Karanga zikagoma, mpango ukafutwa mwaka 1951, reli ya kwenda Nachingwea ikaja kung'olewa, na leo kata ya Reli ipo ila treni hakuna. Kilichobaki ni ule mpangilio: barabara pana, nyumba zilizoachana, pembeni mchanga na majani tele. Milima ya kukukata pumzi haipo. Ndiyo maana mtu akiniambia Mtwara hakuna nafasi ya baiskeli namshangaa. Nafasi ipo, na wanaume wanaitumia kila siku. Wa samaki wanaingia na matenga nyuma, wa mkaa na magunia, msimu wa korosho hata usiulize. Mwanamke ukimwona kwenye baiskeli basi amepakiwa kwenye keria, amekaa upande, kashika siti ya mwenzake.

Nilipotangaza nyumbani kwamba nataka kujifunza, kaka yangu alicheka tu. Mama mkubwa hakucheka. Yeye ni somo, yaani mwalimu wa unyago, amewacheza wasichana wengi, na akiongea kuhusu mwili wa mwanamke watu wananyamaza. Akaniita ndani. "Mwanangu, lile tandiko litakuharibia kizazi." Nikamwambia, mama mkubwa, kizazi chenyewe kimeshafanya kazi mara tatu, sasa kinapumzika. Akanisonya, lakini nikaona amezuia kicheko.

Hofu yake hasa haikuwa kwangu. Ilikuwa kwa binti yangu wa kidato cha pili, kwamba na yeye ataniiga na ubikira utapotea barabarani. Sikutaka kumjibu kwa ubishi, nikaenda naye kwa mkunga anayemwamini. Yule mkunga alimweleza kwa heshima na kwa urefu kwamba ile ngozi haifanani kwa wasichana wote, inaweza kutanuka au kuchanika hata kwa kuruka kamba na kukimbia, na hakuna anayeweza kuitazama akasema binti huyu kalala na mwanaume au hajalala. Mama mkubwa alirudi kimya. Hajawahi kusema nimemshawishi, ila maneno ya kizazi aliacha. Baadaye nilikuja kusoma kwamba miaka ya 1890, baiskeli zilipopamba moto Uingereza na Marekani, madaktari wa huko waliwatisha wanawake kwamba zitawakunja sura na kuwadhoofisha. Nilipomsomea akasema, "Kumbe na Wazungu wana masomo."

Kwa ustadhi nilikwenda mwenyewe, maana nilijua swali litakuja. Aliniuliza jambo moja tu: utajistiri? Nikamjibu, ustadhi, mimi ni fundi cherehani.

Kujifunza kwenyewe kaka yangu aliniharibia siku za mwanzo. Njia yake ilikuwa kunishika nyuma ya siti, kunisukuma na kupiga kelele "kanyaga, kanyaga!" Kwa mtoto wa miaka saba inafaa, anaanguka kutoka chini chini. Mtu mzima mwenye kilo zake akianguka anaamka na goti limevimba, na kesho cherehani ya miguu inamsubiri. Aliyenitoa kwenye mateso ni mzee mmoja fundi baiskeli wa Majengo. Alishusha siti mpaka nyayo zangu zote mbili zikakanyaga chini, kisha akafungua pedeli zote akazitia kwenye mfuko. "Sasa tembea nayo umeikalia." Nikawa natembea, halafu nasukuma kwa miguu na kuinua, nasukuma na kuinua, mpaka baiskeli ikawa inateleza yenyewe na mimi nimekaa. Kumbe mwili unajifunza kwanza kutulia juu ya magurudumu mawili, kukanyaga kunafuata bila shida. Alipozirudisha pedeli niliondoka bila kushikwa.

Ukitaka kufanya hivyo nyumbani, jua kwamba pedeli ya kushoto inafungwa kinyume. Kuifungua unazungusha spana kwa mwelekeo wa mshale wa saa. Nimeona watu wameivunja kwa kulazimisha.

Tafuta ardhi ngumu. Mchanga wa Mtwara mnaujua, gurudumu la mbele linazama na usukani unakukataa mikononi. Viwanja vya shule siku ya Jumapili alfajiri ni vizuri, hasa mvua ikiwa imenyesha jana yake na udongo umeshikana. Watoto watakuja kushangilia, usiwafukuze. Wangu walinizoea mpaka wakawa wananirekebisha.

Kununua nilisubiri mtumba. Baiskeli za Kijapani zinazoshushwa hapa zina fremu iliyoinama katikati, hupandishi mguu juu, unapita tu na gauni lako. Zina kikapu mbele, madigadi, kifuniko cha cheni na kufuli la gurudumu la nyuma. Yangu nilipewa kwa 160,000 baada ya kuanzia 200,000, na ilibidi niongeze kama 25,000 za breki, tyubu na gololi za nyuma. Kwa hiyo kama una laki na nusu usiimalize yote kwenye baiskeli. Inua gurudumu, lizungushe, angalia kama rimu inacheza. Pitisha kidole kwenye spoku pale zinapoingia kwenye rimu, ndipo kutu inapojificha, na hewa yetu ya chumvi haisamehe. Uliza tairi la namba hiyo linapatikana wapi kabla ya kulipa, kuna saizi zinakuja na mtumba halafu dukani hazipo. Na jaribu breki ukiwa umesimama ujue ipi ni ipi. Nyingi za Kijapani breki ya mkono wa kulia ni ya mbele. Ukiikaba hiyo peke yake kwa ghafla, wewe unatangulia na baiskeli inakufuata.

Nguo sasa. Hapa nitakaa, maana ndiyo kazi yangu.

Dera na baiskeli ni maadui. Dera lina upana mwingi, linaingia upepo, na upande wa kulia kuna cheni, nyuma kuna spoku. Likinaswa hulisikii mpaka gurudumu limegoma. Wengi wanafunga kanga kiunoni kulibana, inasaidia kidogo, ila fundo likilegea umeongeza kitambaa kingine cha kunaswa. Nilichofanya ni gauni la vipande sita, refu mpaka kwenye kifundo cha mguu, lenye marinda mawili makubwa nyuma ili nikikaa kwenye siti lifunguke bila kupanda juu. Kwenye pindo, upande wa kulia na wa kushoto, nimeweka kitanzi, na juu kidogo usawa wa muundi kifungo. Nikipanda nafunga, pindo linajikusanya kuzunguka mguu. Nikishuka nafungua, gauni ni gauni, nakwenda msibani nalo. Ndani suruali nyepesi ya pamba. Kwa wanaovaa baibui nafanya hivyo hivyo, ila kitambaa kisiwe kile kinachoteleza. Mtandio uwe mfupi na ncha ziingie kwenye kola, la sivyo kusi ikianza kuvuma utaendesha umefunikwa macho.

Ila hata gauni hilo halikutosha kwa gurudumu la nyuma. Dawa yake niliipata pwani. Wavuvi wa Shangani walikuwa wanashona nyavu, na pembeni kulikuwa na kipande kibovu cha nyavu ya dagaa. Nilikinunua kwa bei ya soda. Nikamwomba mzee wa Majengo atoboe vitundu vidogo kwenye ukingo wa madigadi ya nyuma, nami nikafuma kipande kila upande, nikaanzia kwenye ekseli na kukitawanya mpaka kwenye madigadi, nikavuta kila uzi ukakaza. Gurudumu likawa limefunikwa ubavuni, linazunguka ndani, na gauni linateleza juu ya nyavu. Matundu yawe madogo. Nyavu ya samaki wakubwa inaweza kushika kifungo au kidole cha mtoto aliyepakiwa. Wanawake wa Ulaya nao walifunga nyavu za namna hii kwenye baiskeli zao karne ya kumi na tisa, lakini mimi nilikuwa sijui, nilitazama tu dagaa wanavyozuiwa.

Baada ya hapo ndipo nikakutana na barabara, na barabara ndiyo iliyonisumbua kuliko yote. Siku ya kwanza nakwenda kazini nilijibana ukingoni kabisa kwa adabu, niwapishe wenye magari. Ni hatari. Lami yetu mahali pengi inaishia kwa ngazi, chini yake mchanga. Gurudumu likishuka hapo ukajaribu kulirudisha kwa pembeni, unalala. Yule mzee alinifundisha niache kama hatua moja kutoka ukingoni, niende mstari ulionyooka, na nikitaka kukata nigeuke nimtazame dereva usoni na kunyoosha mkono. Dereva aliyeona macho yako anapunguza. Wengi wao si wabaya, hawajazoea tu kumwona mwanamke pale.

Vijiwe vya bodaboda ni habari nyingine. "Mama, shuka nikupakie." "Dada, tandiko limekupendeza." Mwingine anakupita karibu makusudi, anapiga honi sikioni ili uyumbe acheke na wenzake. Nilijaribu kuwanyamazia, haikusaidia, wakaona nimeogopa. Kilichosaidia kwenye kijiwe kimoja ni kusimama, kuwaamkia, kumuuliza kijana mmoja mama yake hajambo, maana nilimshonea sare ya harusi, na kumwomba aniwekee upepo. Tangu siku hiyo wakawa wananifungulia njia. Kwenye kijiwe kingine haikufanya kazi, nikabadilisha njia. Sijisikii vibaya kwa hilo na wewe usijisikie vibaya. Usiku usitafute ushindi.

Jua letu linazama mapema, miezi ya kusi saa 12 jioni na dakika chache tu, na muda mfupi baadaye giza limeshika. Njia yangu ya jioni si fupi. Ni ile yenye mama lishe, duka la dawa, msikiti na wauza chipsi, kwa sababu nikiita kuna atakayesikia. Kaka yangu anapita njia ya mkato kwenye giza na anafika kabla yangu. Watu wanapopanga barabara wanamfikiria yeye, mtu mmoja asiye na mtoto nyuma, anayekwenda sehemu moja na kurudi. Wangetufikiria sisi, wangeanza na taa, na wangeacha nafasi ya kutosha wanawake wawili waende sambamba wakizungumza, maana mwanamke anayeanza anataka mwenzake ubavuni.

Mikindani tulikwenda mara moja kama kundi, mimi na wanawake wenzangu wa baiskeli, kilomita kama kumi. Sikushauri kwa mgeni. Ni barabara kuu, malori yanapita na upepo wake unakuyumbisha. Tena wakati wa kusi unakwenda umesukumwa, unajiona shujaa, kurudi unaulipia upepo wote uliokopa.

Kundi lilianza kwa jirani yangu, halafu muuza vitumbua, halafu wateja wa magauni. Pesa tulizipata kwa mchezo: kila mmoja 10,000 kwa wiki, kijumbe anakusanya, zamu ikifika unapewa zote na unakwenda na mwenzako kuchagua baiskeli. Wawili wa mwanzo walinunua zile ndefu za bomba la juu kwa sababu ni imara na fundi yeyote ana spea zake. Kuzipanda na gauni wakashindwa, wakaziuza kwa hasara. Jambo ambalo hakuna aliyelifikiria ni waume. Mmoja alikataa moja kwa moja, yakaisha. Mwingine alikubali kwa furaha, na baada ya mwezi baiskeli ikawa yake: anakwenda nayo kijiweni asubuhi, mke anapanda bajaji kama zamani na mchezo anaendelea kuulipa yeye. Hapo nyavu ilifanya kazi tusiyoitarajia. Tulimfungia mwenzetu nyavu pande zote mbili, nikashonea siti kifuniko cha kitenge chenye maua, kikapu nacho nikakipamba. Bwana akairudisha mwenyewe. Hakuna mwanaume wa hapa atakayeegesha kitu kile mbele ya wenzake.

Tulipokuwa wengi wa kutosha kuonekana, tukaenda mkutano wa mtaa. Tulipanga kuomba vitu vitatu tu: taa zilizokufa kwenye njia ya jioni ziwashwe, mifuniko ya mtaro iliyovunjika karibu na soko irudishwe, na mabomba ya kufungia baiskeli sokoni na kliniki. Hili la mwisho linaonekana dogo. Lakini mama mwenye mtoto mgongoni na kadi mkononi, akiwaza baiskeli ya laki na nusu imeegemezwa mwembeni, kesho haji nayo.

Mzee mmoja akasimama akasema, haya ni mambo ya Uholanzi, kule wamezaliwa na baiskeli. Ilikuwa bahati, kwa sababu binti yangu alikuwa ameshanitafutia habari hizo kwenye simu. Nikamjibu, baba, Uholanzi mwaka 1971 magari yaliua zaidi ya watoto 400. Wazazi ndio waliokaa barabarani kudai barabara ziwe salama, na mwanamke mmoja, Maartje van Putten, alikuwa miongoni mwa viongozi wao. Leo wanawake wa kule wanaendesha sawa na wanaume. Baiskeli hawakuzaliwa nayo, waliidai. Mzee akasema, "Sawa, lakini wao wana hela." Na hapo alisema kweli, nikakaa chini. Bahati nzuri mwenyekiti akasema mfuniko wa mtaro si hela ya Uholanzi.

Kama mnataka kuandika barua, ulizeni kwanza barabara ni ya nani. Barabara kuu na za mkoa ziko chini ya TANROADS, wakala wa barabara wa taifa. Za mitaa ya mji, tangu mwaka 2017, ni TARURA, wakala wa barabara za vijijini na mijini. Barua yetu ya kwanza ilikwenda ofisi isiyohusika na ikakaa huko mpaka tukaisahau. Ya pili tuliambatanisha muhtasari wa mkutano wenye mhuri wa mtendaji na picha za mtaro zilizopigwa asubuhi, mtoto wa shule akiuruka. Picha ya mtaro mtupu haimsumbui mtu. Dar kuna UWABA, umoja wa waendesha baiskeli, wamepigania mambo haya muda mrefu, na ukipita barabara ya Morogoro utaziona njia za baiskeli pembeni ya njia ya mabasi ya mwendokasi, nyingine zimegeuka njia za pikipiki. Hapo tukajifunza kuongeza sentensi moja kwenye barua: njia ikijengwa iwekewe nguzo.

Mpaka sasa taa zimewaka nyingi, moja mbele ya godauni bado, na tunaipita pale wawili wawili. Mifuniko miwili imerudi. Mabomba ya sokoni tumechoka kusubiri, tumemchangia mchomeleaji, tumeyafunga wenyewe kwa ruhusa ya uongozi wa soko, na siku ya pili tulikuta mtu ameanika mitandio yake ya kuuza juu yake. Tumekubaliana naye: asubuhi ni yetu, jioni ni ya mitandio.